Kiti Mwendo cha Umeme: Nguvu ya Betri Hupotelea Wapi?

Asubuhi moja ya kliniki, kijana mmoja tuliyemhudumia kwa miaka kadhaa tangu alipoumia uti wa mgongo alifika akisukumwa na vijana wanne waliokuwa wametota jasho. Kiti mwendo chake cha umeme kilikuwa kimezimika katikati ya njia ya mteremko inayoingia katika jengo la wagonjwa wa nje. Alipoondoka nyumbani, alisema, taa zote za kipimo cha betri zilikuwa za kijani. Mama yake, aliyefuatana naye, alikuwa amekwisha kata shauri. "Daktari," alisema (wagonjwa hutuita sote madaktari, hata sisi wa karakana ya vifaa saidizi), "hizi ni betri za tatu tangu mwaka juzi. Safari hii tutafutie kubwa zaidi."

Ombi la mama huyo ni la kawaida, na kwa mtazamo wa kwanza lina mantiki: safari ikiishia njiani, ongeza akiba. Lakini mara nyingi akiba inatosha, ila inavuja. Makala haya yanaeleza inavujia wapi, ili mgonjwa na mhudumu wa afya wajue pa kutazama kabla ya kwenda dukani.

Jambo hili lina uzito wa kitabibu ambao hauonekani kwa mtu anayetembea kwa miguu yake. Mtu aliyeumia uti wa mgongo katika sehemu ya juu hawezi kutoa jasho ipasavyo chini ya mahali alipoumia, kwa hiyo akikwama juani mwili wake hupanda joto upesi kuliko wa mwenzake anayemsukuma. Viti vingi vya umeme vina uwezo wa kuinamishwa nyuma ili kuondoa uzito kwenye makalio. Betri ikiisha, kiti hakiinami tena, na ngozi iliyobanwa kwa saa kadhaa huanza kufa bila mwenyewe kuhisi maumivu. Kidonda cha mgandamizo kilichoanza mchana mmoja huweza kumweka mtu kitandani kwa miezi. Na wako wanaotegemea mashine ya kupumulia iliyofungwa kwenye kiti hichohicho. Kwa watu hawa umbali ambao betri inaweza kwenda ni sehemu ya matibabu.

Wahandisi wanaoshughulikia tatizo hili kwa bidii zaidi ni wale wa roboti za magurudumu. Roboti iitwayo HelpMate, iliyotengenezwa na kampuni ya Mmarekani Joseph Engelberger, ilianza kubeba trei za chakula na vifaa katika hospitali ya Danbury, jimbo la Connecticut, mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo roboti za namna hiyo hupeleka dawa, nguo na sampuli za maabara katika hospitali nyingi za nchi tajiri, na hata hapa jirani, mjini Kigali, Wizara ya Afya ya Rwanda ilizindua roboti tano mwezi Mei 2020 ili kupunguza muda ambao wahudumu walikuwa karibu na wagonjwa wa UVIKO-19. Ukizivua maganda yake, roboti ya hospitali na kiti mwendo cha umeme ni mashine moja: betri, mota mbili zinazoendesha magurudumu mawili kila moja peke yake, magurudumu madogo yanayojizungusha kufuata mwelekeo, na kompyuta ndogo inayogawa umeme. Tofauti kubwa ni kwamba roboti huongozwa na programu, na kiti huongozwa na mtu. Kwa hiyo yale yaliyojulikana kuhusu moja yanamfaa mwenye nyingine.

Tuanze na hesabu, nayo si ngumu. Tuchukue mtu wa kilo 70 katika kiti cha kilo 90. Jumla kilo 160. Kwenye sakafu ngumu na laini, matairi yakiwa yamejaa upepo, kani inayohitajika kukifanya kiti kiendelee kubiringika ni takriban sehemu 15 kwa 1,000 ya uzito wote. Hiyo ni sawa na kuvuta kamba yenye mzigo wa kilo 2.4 tu, pungufu kidogo ya mfuko wa sukari wa kilo mbili na nusu. Kwa mwendo wa mita moja na nusu kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, magurudumu yanahitaji wati 35. Balbu ya zamani ya chumbani ilikula zaidi ya hapo.

Sasa tazama betri. Kiti cha kawaida hubeba betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 24, na zikiwa za ampea-saa 50 hubeba wati-saa 1,200. Kama umeme wote huo ungefika kwenye sakafu, kiti chetu kingekwenda kilomita 184, karibu umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, bila kuchajiwa. Lakini vitabu vya maelekezo vya viti vya kadiri hii huahidi kilomita 25 hadi 35 hivi, na mwenye kiti akiishi nacho huona hata hizo ni nyingi. Ile ahadi ya kitabuni hutokana na kipimo cha kimataifa, ISO 7176-4, ambacho hufanyika mahali tambarare. Kipimo hicho hakina kilima, hakina mchanga, wala hakina mlango mwembamba wa kuingilia kwa kurudi nyuma mara tatu. Pengo kati ya kilomita 184 na 30 ndilo linalotuhusu.

Sehemu ya kwanza ya pengo imo ndani ya mota na gia zake. Mota ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida hugeuza sehemu nzuri ya umeme kuwa mwendo, lakini inapolazimishwa kusukuma mzigo mzito polepole, sehemu kubwa ya umeme hugeuka joto. Sheria yake ni kali: mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto linalopotea kwenye nyaya huongezeka mara nne. Mota iliyokwama kabisa, kwa mfano mtu anapobonyeza kijiti cha kuongozea huku gurudumu limegota kwenye kizingiti, hula umeme mwingi kuliko wakati wowote na haifanyi kazi yoyote. Ndiyo maana ni afadhali kurudi nyuma nusu mita, kunyoosha magurudumu ya mbele, kisha kukiendea kizingiti moja kwa moja, kuliko kukisukuma kwa hasira.

George Klein, mhandisi wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alilielewa jambo hili mapema. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alipewa kazi ya kuwatengenezea kiti cha umeme askari waliorudi wakiwa wamepooza mikono na miguu. Miongoni mwa aliyoyafanya ni kutumia volti 24. Ukiongeza volti mara mbili, kazi ileile hufanyika kwa nusu ya mkondo, na joto linalopotea kwenye nyaya hushuka hadi robo. Viti vingi vya leo bado vimebaki na volti zile zile za Klein, pamoja na mota mbili zinazojitegemea na kijiti cha kuongozea.

Sehemu ya pili ya pengo ni ardhi yenyewe, na hapa ndipo penye faida kubwa kwa msomaji. Njia ya mteremko iliyojengwa kwa kanuni hupanda mita moja kwa kila mita 12 za urefu. Inaonekana laini. Lakini katika kupanda, mbali na zile kilo 2.4 za kubiringika, mota hubeba pia sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito wote, yaani kilo 13 na ushee. Jumla inakuwa karibu kilo 16: kutoka mfuko wa sukari hadi ndoo ya maji. Kazi imeongezeka mara sita na nusu, na hiyo ni kwenye mteremko uliojengwa vizuri. Njia nyingi za kuingilia majengo yetu, tuseme ukweli, zilijengwa na fundi aliyekuwa akiwaza mikokoteni.

Hesabu hiyo inaweza kusomwa kwa namna nyingine: kupanda mita moja kwenda juu hugharimu nishati sawa na kwenda mita 67 kwenye tambarare. Kwa hiyo njia fupi inayopita juu ya kilima cha mita tatu ni ghali kuliko kukizunguka, ikiwa mzunguko huo unaongeza pungufu ya mita 200 na ardhi yake ni ngumu. Programu zinazopanga njia za roboti hufanya hesabu za namna hii. Badala ya kuuliza ni njia ipi iliyo fupi, huuliza ni ipi inayokula umeme kidogo, na majibu ya maswali hayo mawili mara nyingi hayafanani. Mgonjwa anaweza kuifanya kazi hiyo kwa jicho, hasa kwa njia anayoipita kila siku kwenda kazini au msikitini.

Sharti la ardhi ngumu nimeliweka makusudi. Mchanga laini huongeza ukinzani mara kumi na zaidi, kwa sababu gurudumu hulazimika kujichimbia na kupanda shimo lake lenyewe katika kila hatua. Mita 30 za mchanga mbele ya nyumba huweza kugharimu kuliko mita 300 za lami. Familia iliyomwaga zege njia nyembamba kutoka mlangoni hadi barabarani imefanya zaidi kuliko iliyonunua betri kubwa.

Tairi lisilo na upepo wa kutosha ni mchanga unaosafiri nawe. Kila linapozunguka hubonyea na kunyooka, na kila kubonyea huko ni umeme unaogeuka joto la mpira. Ukinzani ukiongezeka mara mbili kwa sababu hiyo, mzigo wa magurudumu kwenye tambarare huongezeka mara mbili vilevile. Kwenye mteremko hali ni tofauti: ukinzani huohuo huongeza kazi kwa takriban asilimia 15 tu, kwa sababu kinachotawala huko ni uzito. Basi anayeishi mahali tambarare na aanze na pampu, na anayeishi penye vilima na aanze kwa kupunguza mizigo. Kiwango cha upepo kinachotakiwa huandikwa ubavuni mwa tairi.

Uzito una mtego wake. Betri za risasi za kiti kama hiki hufika kilo 30 na zaidi kwa pamoja. Za lithiamu zenye akiba ileile huweza kuwa chini ya nusu ya hapo. Katika jumla ya kilo 160, kupunguza kilo 16 ni kupunguza kazi ya kila mwinuko kwa asilimia 10. Nimewaona watu wakivutwa na hesabu hiyo na kubadilisha betri kwa fundi wa mtaani. Nawasihi wasifanye hivyo bila maelekezo ya mtengenezaji. Betri nzito zilizo chini ya kiti ndizo zinazokizuia kupinduka, na chaja ya betri za risasi haiifai betri ya lithiamu. Kuichaji kwa chaja isiyo yake ni hatari ya moto.

Gurudumu dogo la mbele nalo huibia betri kimyakimya. Nywele na nyuzi za kanga hujiviringa kwenye ekseli yake, vumbi huingia kwenye beringi, na gurudumu huanza kuburutwa badala ya kuzunguka. Kipimo chake ni rahisi. Kiti kikiwa kimezimwa, kwenye sakafu tambarare kabisa, fungua wenzo unaoachanisha mota na magurudumu, kisha kivute polepole kwa mizani ya kuning'inia ya sokoni huku mwenyewe ameketi. Kisifanyiwe hivyo kwenye mteremko hata kidogo, kwa kuwa wenzo huo ukifunguliwa breki nazo zimefunguka. Mizani ikisoma kilo tatu au nne, hali ni njema. Kiti kikivutia upande mmoja, tafuta kosa upande huo: tairi, beringi, au breki isiyoachia vizuri.

Watafiti wa roboti wamegundua pia kwamba mashine iliyosimama haijaacha kula. Mwaka 2005 kundi la Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, lilipima roboti ndogo ya magurudumu na kuonyesha kwamba vihisi na kompyuta zake zilikula sehemu kubwa ya umeme, wala haikuwa mota peke yake. Dawa waliyoipendekeza ni kuzima au kupunguza kasi ya kile kisichohitajika kwa wakati huo. Hilo lina matokeo ya ajabu kidogo. Roboti inayokwenda polepole mno hupoteza kwa upande mmoja kile inachookoa kwa mwingine, kwa sababu kompyuta hukaa macho muda mrefu zaidi kwa safari ileile. Kiti mwendo hakina kompyuta kubwa, lakini taa, simu inayochajiwa njiani na hasa mashine ya kupumulia vina hesabu yake. Mashine ya wati 40 ikitumika saa 10 imekula wati-saa 400, theluthi moja ya akiba yote. Mgonjwa wa namna hii anastahili betri ya pekee kwa ajili ya pumzi yake, isiyoguswa na magurudumu.

Wagonjwa huuliza kama kushuka mteremko hurudisha umeme uliotumika kupandia. Hurudisha kiasi fulani, kwa sababu mota inayosukumwa na gurudumu hugeuka jenereta, lakini gia na nyaya hula sehemu yake kwenda na kurudi. Kuna jambo dogo la usalama hapa ambalo wahudumu wengi hawalijui. Betri iliyojaa kabisa haina mahali pa kuuweka umeme unaorudi, na kiti kikishuka mteremko mrefu katika hali hiyo kinaweza kutoa onyo la volti kuzidi. Anayeishi juu ya kilima na ateremke polepole asubuhi, mara tu baada ya kuchomoa chaja.

Turudi kwa kijana wetu na zile taa za kijani. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti kamili ikiwa imepumzika, kisha ikaporomoka mara mota inapodai mkondo mkubwa wa kupandia. Kompyuta ya kiti, kwa kujilinda, huzima kila kitu. Kwa hiyo kipimo cha betri hakisomwi sebuleni; husomwa kwenye mwinuko. Taa zikishuka sana wakati wa kupanda na kurudi zinapofika tambarare, ni dalili kwamba betri inazeeka au kwamba mzigo umepita kiasi. Betri za risasi huzeeka upesi zinapoachwa zikiwa zimeisha, hata kwa siku chache, kwa sababu chembe ngumu hujijenga kwenye bamba zake. Zinapaswa kuchajiwa kila usiku, hata kama safari ya siku ilikuwa fupi, na kuachwa mpaka chaja yenyewe iseme imemaliza. Penye mgao wa umeme, ni heri kuanza kuchaji jioni mapema kuliko kungojea wakati wa kulala. Betri za lithiamu hazina sharti hilo la kujazwa kila siku, bali huchukia joto. Zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani.

Tulipokipima kiti chake kwa mizani, kilivutika kwa kilo sita. Tairi moja lilikuwa limebonyea hadi chini, na gurudumu dogo la kushoto lilikuwa limesokotwa na nyuzi. Moja ya betri mbili ilikuwa dhaifu kweli, kwa hiyo mama hakukosea kabisa. Na nyuma ya kiti, ndani ya mfuko mkubwa, tulikuta betri ya gari aliyoinunua kwa ajili ya dharura: kilo 15, volti 12, isiyoweza kukiendesha kiti cha volti 24 hata hatua moja. Kila siku kijana alikuwa akiipandisha na kuishusha.

Tulijaza upepo, tukasafisha, tukabadilisha betri zote mbili kwa pamoja, maana betri mpya ikifungwa na kuukuu huzeeshwa nayo. Kwenye mizani kiti kilisoma kilo tatu na nusu. Kliniki iliyofuata alipanda mteremko ule mwenyewe, nikimtazama kutoka dirishani. Taa moja ilishuka alipokuwa katikati, ikarudi alipofika mlangoni. Ile betri ya gari mama alimuuzia jirani mwenye paneli ya sola.